Picha Iliyokwenda Uskoti

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika saa moja asubuhi, na ofisi ilikuwa inafunguliwa saa mbili. Niliogopa kuchelewa. Halafu nikaogopa kuonekana nimewahi mno, kama mtu asiye na kwake, kwa hiyo nikazunguka maduka yote ya Vällingby, kitongoji cha Stockholm, nikisoma matangazo yao, hata ya duka la miwani, mpaka saa ikafika. Nawaambia haya mapema, wanangu mnaoanza kazi hii sasa, ili mjue anayewasimulia ni mtu wa namna gani. Mimi ni mwoga. Nilikuwa mwoga Uvira nilikofundisha darasa la nne, nikawa mwoga njiani, na nilipopewa karatasi za kuishi Uswidi sikuuacha uoga wangu uwanja wa ndege.

Kazi yenyewe iliitwa ualimu wa lugha ya nyumbani. Sheria za Uswidi zinampa mtoto haki ya kufundishwa shuleni lugha anayozungumza na wazazi wake, na mimi nilikuwa mwalimu wa Kiswahili. Hatukuwa na shule yetu. Manispaa moja iliniajiri, nyingine zikaniazima, nami nikawa mtu wa treni: Jumatatu Vällingby, Jumanne na Alhamisi Sundbyberg, Jumatano Upplands Väsby. Nilifundisha baada ya masomo ya kawaida, katika chumba chochote kilichobaki wazi. Nimefundisha ngeli za majina katika karakana ya useremala, watoto wamekalia mabenchi yenye jiriwa.

Bosi wangu wa kwanza alikuwa mkuu wa kitengo cha lugha, mama wa Kifini aliyeletwa Uswidi akiwa mtoto mdogo. Siku ile ya kwanza alinipa funguo, ratiba na kanuni mbili. Ya kwanza, nisifunge mlango nikiwa na mtoto mmoja peke yake. Ya pili aliisema polepole, kwa sababu Kiswidi changu kilikuwa bado kinachechemea.

“Wewe ni mwalimu, si mkalimani,” alisema. “Lakini watakutumia kama mkalimani, kwa kuwa uko karibu na hulipwi zaidi. Siku wakikupa karatasi ya kumtafsiria mzazi, nipigie simu kwanza.”

Niliandika maneno yake kwenye daftari na kuyapigia mstari.

Watoto wangu walikuwa mchanganyiko. Mkenya aliingia na Kiingereza, Mkongo na Kifaransa, Mtanzania alitucheka sote, na wote wakinijibu kwa Kiswidi. Nikisema “mahali”, mmoja anasema kwao ni “fasi”, basi dakika kumi zinakwenda kwenye ubishi. Niliupenda ubishi ule. Nilichoogopa ni kidirisha cha kioo kilichokuwa kwenye mlango, maana kila kichwa kilichopita pale nilidhani ni mkaguzi.

Mwaka wangu wa tatu, rektor wa Sundbyberg, yaani mwalimu mkuu, alirudi kutoka ziara ya Uskoti amebeba jalada nene la kijani. Alikuwa mwanamke mrefu, mchangamfu, asiyejua kutembea taratibu. Huko Uskoti alikuta shule zinafundisha elimu ya uraia wa dunia. Wenzetu wale hawakuifanya somo la peke yake. Waliitia ndani ya hesabu, jiografia, hata upishi. Mtoto anaulizwa shati lake lilishonwa na nani, sukari yake imetoka wapi, kwa nini jirani yake alikimbia nchi. Kulikuwa na zoezi la mti wa matatizo, ambapo watoto huchora mti na kuandika chanzo cha jambo kwenye mizizi na madhara yake kwenye matawi. Kulikuwa na kiti cha maswali, ambapo mmoja hukaa na kujibu kama vile yeye ni mkulima wa kakao au waziri. Nilipenda mambo yale kwa dhati. Kwa mara ya kwanza somo langu la karakana lilihitajika katikati ya shule.

Tulipangiwa shule ndugu huko Uskoti. Kila mtoto wetu angechora bango la maisha yake, apigwe picha akiwa amelishika, na picha zote ziwekwe kwenye ukurasa mmoja wa intaneti uliotunzwa na Waskoti. Watoto wangu waliandika kwa Kiswahili, nami nikatafsiri chini yake.

Ornella alikuwa na miaka kumi na moja, Mrundi, mtoto wa baba aliyesafisha maofisi pale pale Sundbyberg. Bango lake la kwanza lilikuwa na mistari miwili: anatoka Burundi, anapenda kuogelea. Nilimrudishia. Nilimwambia ni fupi mno, Waskoti watadhani hatuna kwetu, aende akawaulize wazazi kilima cha babu kinaitwaje, maana Burundi kijiji hutajwa kwa kilima chake, babu alikuwa nani, baba alifanya kazi gani. Akaenda. Mama yake, kwa kuwa ni kazi ya mwalimu, akamjibu yote. Bango la pili lilijaa mpaka pembeni, na mimi nililisifu mbele ya darasa.

Ikabaki karatasi ya idhini, ile ambayo mzazi husaini kukubali picha ya mwanawe itumike. Rektor alinipa saba mkononi akasema za Kiswahili nizimalize mimi, leo. Niliukumbuka mstari wa kwenye daftari langu. Lakini nilikuwa na treni ya kukamata, na niliogopa kuonekana mzito wa kazi, basi sikupiga simu. Nilimkuta Baba Ornella kwenye korido amekuja kumchukua mtoto, bado amevaa sare ya kazi. Nilimsomea ile karatasi kwa Kiswahili, haraka. Aliitikia kwa kichwa kila sentensi, mikono ameikunja mbele.

“Ndiyo, Mwalimu,” alisema, nikampa kalamu.

Hapo ndipo kosa langu lilipo, wanangu, na Mswidi asingelitambua. Mimi nilitambua. Kwetu mzazi hamkatalii mwalimu. Angekuwa rektor, asingejua ile “ndiyo” ni ya heshima tu. Mimi nimeisikia tangu nilipoanza kushika chaki, najua inasemwa na mtu ambaye hata hajasikiliza kinachoulizwa. Na nikaichukua hivyo hivyo, nikaiweka kwenye bahasha, nikakimbilia treni.

Picha ziliwekwa mwanzoni mwa Oktoba. Wiki moja baadaye Baba Ornella alinisubiri nje ya ofisi yetu Vällingby, mvua inamnyeshea, hana mwavuli. Nilimkaribisha ndani akakataa. Alisimulia akiwa amesimama, kwa sauti ya chini, akiangalia kila aliyetoka kituoni. Nchini kwao alisimama mbele ya majaji akawataja kwa majina watu waliowaua ndugu zake. Wengine walifungwa. Wengine hawakuonekana tena, na hao ndio waliomfanya ahame nchi tatu. Hata kanisani Stockholm alikuwa akisema anatoka kilima kingine.

“Jina ya kilima iko pale. Jina ya baba yangu iko pale. Na sura ya mtoto, na jina ya shule,” alisema. “Mwalimu, umewaonyesha fasi tunalala.”

Nilimuuliza kwa nini basi alisaini. Ninaona aibu kwamba niliuliza.

“Wewe ni mwalimu,” alisema. “Ningekuambia nini?”

Tulikwenda pamoja kwa rektor siku ile ile. Hakuwa mtu mbaya. Bango alilibandua ukutani kwa mkono wake mwenyewe. Kisha akapiga simu Uskoti, ikalia, ikalia, hakuna aliyepokea. Shule za Uskoti hufungwa katikati ya Oktoba, na sisi wa Stockholm tulikuwa bado darasani. Mwalimu aliyetunza ukurasa ule, ambaye peke yake alijua neno la siri, alikuwa ameondoka na familia yake kwenda visiwa vya kaskazini. Tuliandika barua pepe tatu. Rektor alimgeukia Baba Ornella kwa upole akamwambia, kupitia kwangu, kwamba amesikitika sana, ila karatasi imesainiwa na yeye mwenyewe.

Nilitakiwa kuitafsiri ile sentensi. Nilijua nikiitafsiri na kunyamaza, lawama yote inabaki kwa yule mtu aliyelowa, na kazi yangu imesalimika. Mkataba wangu ulikuwa wa muhula kwa muhula, na nilikuwa na watoto wawili wa kulisha. Niliogopa.

“Alisaini kwa sababu kalamu nilimpa mimi,” nilimwambia rektor. “Sikumpa nafasi ya kukataa. Andika hivyo.”

Aliandika. Jioni nilimpigia mkuu wa kitengo, simu niliyopaswa kumpigia wiki tatu nyuma. Alisema hatanifukuza, na kwamba angependa kuweza kusema kosa ni dogo.

Picha ilikaa pale siku kumi zaidi. Kila siku nilikwenda maktaba kuifungua, nikiomba iwe imeondoka. Chini ya ukurasa kulikuwa na kile kidirisha kilichohesabu watu waliotazama, kama ilivyokuwa desturi ya kurasa za enzi zile, na kila siku namba ilikuwa imepanda. Ilinichukua siku nne kugundua kwamba baadhi ya hao watazamaji ni mimi. Nikaacha kufungua, na hapo hofu ikazidi, maana sasa sikujua chochote. Nilianza kushuka kituo kimoja kabla ya changu. Mtu akinisalimia kwa Kiswahili barabarani, nilijifanya Mhaiti.

Siku ya nane simu ya Baba Ornella ililia. Mkewe ndiye aliyenieleza. Mwanamume alimwita baba huyo kwa jina la utoto, jina lililojulikana kilimani tu. Hakutukana, hakutisha. Alimpongeza kwa binti, akasema amekua na anajua kuchora, akakata. Huenda alikuwa binamu aliyefurahi. Mpaka leo sijui, nao hawakungoja kujua.

Waskoti waliporudi kazini, picha iliondolewa ndani ya saa moja, na yule mwalimu aliandika barua ya kuomba radhi ambayo ilinionyesha kwamba naye hakulala. Ornella hakurudi shuleni. Nilikwenda kwao Alhamisi ile, nikakuta jina limekwanguliwa kwenye mlango. Jirani, bibi wa Kiswidi mwenye mbwa, alisema waliondoka na masanduku mawili tu. Nilisimama kwenye ngazi nikalia, na yule bibi asijue afanye nini nami.

Niliendelea na kazi, na nilifundisha uraia wa dunia mpaka mwisho, kwa sababu bado ninauamini. Lakini niliufundisha kwa namna yangu. Mabango ya watoto wangu hayakuwa na kilima wala ukoo. Mtoto akitaka kuandika kwamba anapenda kuogelea tu, nilimwacha. Na wazazi, kabla sijawapa kalamu yoyote, niliwafanyisha zoezi. Nilimwambia mzazi: Baba, hebu nikatalie. Wengine walicheka, wengine walikasirika, mzee mmoja kutoka Bukavu aliniambia mama yake angemchapa kutoka kaburini. Nilingoja. Mpaka mtu aseme “hapana, Mwalimu” huku ananitazama, sikutoa karatasi. Ofisi ilidhani ni utani wa Kiafrika, nikawaacha wadhani hivyo.

Nilistaafu kwa keki na shada la maua. Mkuu mpya wa kitengo, kijana mwenye heshima, alisema nimewafundisha mamia ya watoto kwamba dunia ni yao. Nilimshukuru. Nilikuwa nafikiria mmoja.

Nilimwona baada ya hapo, majira ya kuchipua, kwenye treni ya kwenda kaskazini. Nilikuwa nakwenda kwa mwanangu Märsta, na msichana wa kama miaka ishirini alikaa mbele yangu na begi la chuo. Uso haukuwa umebadilika hata kidogo, ulikuwa umerefuka tu. Nilipaswa kunyamaza. Baada ya yote niliyowasimulia, mimi hasa nilipaswa kunyamaza.

“Ornella?” nilisema.

Vidole vyake vilisimama juu ya simu. Alininyanyulia macho, nami nikaona kwamba ananijua, ananijua kabisa. Akanijibu kwa Kiswidi safi, kwa adabu, kama unavyomjibu mama mzee usiyemfahamu: samahani, umenifananisha, mimi siitwi hivyo.

Nilimwambia kwa Kiswidi vilevile kwamba anisamehe. Alitikisa kichwa kidogo, akafunga zipu ya begi, akasimama mlangoni ingawa kituo kilikuwa bado mbali. Alishuka Upplands Väsby. Milango ilipofungwa nilimtazama kupitia dirishani. Hakwenda moja kwa moja kwenye ngazi kama wengine. Aliegemea ukuta, akangoja jukwaa zima liishe watu, akaangalia kushoto, akaangalia kulia, akaangalia tena nyuma yake, ndipo akaanza kutembea.