Mama Yetu na Ungo Wake

Kaka yangu alimuuza mama yetu, na kwa kuwa hata katika ubaya alikuwa mvivu wa kufikiri, hakulipwa. Ninalisema hili mapema ili mtu asije akamwonea huruma nikieleza jinsi alivyopoteza kazi.

Aliipoteza wakati mashirika ya umma yalipokuwa yakiuzwa au kufungwa moja baada ya jingine. Alikuwa karani wa mazao pale mjini Sumbawanga, mtu wa shati jeupe na kalamu mfukoni. Wakampa kiinua mgongo chake, wakafunga ofisi, na ghala lao likakodishwa na madalali wa mahindi. Kaka aliwatazama madalali hao kwa wivu mtupu. Hawakulima wala kubeba gunia. Walisimama tu kati ya mwenye mahindi na mwenye lori, na jioni walikula nyama. Yeye akajaribu mitumba, akajaribu mashine ya kusaga, vyote vikamfia mkononi. Intaneti ilipofika mtaa wa Majengo, alinunua kompyuta kuukuu, akafungua kibanda karibu na stendi na kuwafundisha vijana kuandika barua pepe.

Mimi nilikuwa nafundisha shule ya msingi hapohapo mjini, na nilipita kwake kila Ijumaa kabla ya kupanda gari la kwenda kwa mama. Ijumaa moja nikamkuta anang'aa macho.

"Mdogo wangu, nimepata udalali usio na vumbi," akasema.

Akanieleza. Kuna duka ng'ambo linauza vidonge vya mitishamba. Yeye anatengeneza tovuti yake, anaisifia dawa, kisha chini anaweka linki ya lile duka. Mtu akibonyeza linki anapelekwa dukani, akinunua, duka linajua ameletwa na nani, na kaka anakula kamisheni. Hagusi dawa, hamwoni mgonjwa.

"Nani atanunua dawa kwa mtu wa Sumbawanga asiyemjua?" nikamuuliza.

Akacheka mpaka akakohoa. "Hapo ndipo hujui biashara. Ni kwa sababu ni Sumbawanga!"

Hapo alikuwa na akili. Wenyewe tunasema jina la mji wetu maana yake ni kuutupa uchawi, lakini ukienda Dar es Salaam ukasema umetoka Sumbawanga, jirani yako kwenye benchi anasogea kidogo, kisha anarudi kukuuliza kwa sauti ya chini kama hujui mtu wa kumsaidia. Waganga wa mikoa mingine kabisa walijitangaza magazetini kuwa wametoka kwetu. Kaka aliona watu wanakula kwa jina la mji wake, naye mwenye mji analala njaa.

Alichohitaji kilikuwa sura. Akachukua picha ya mama aliyoipiga mwenyewe siku za mavuno. Mama amesimama nje ya jiko, macho mekundu kwa moshi, anapeta ulezi kwa ungo. Kila mtu nchini anajua wachawi husafiri kwa chombo gani. Kaka pia alijua, ndiyo maana aliichagua ile na kuiacha ile nyingine ya Pasaka, mama akiwa na kitenge kipya na rozari.

Akaandika chini yake kwamba huyu ni Bibi wa Ufipa, yaani huku kwetu, aliyerithishwa dawa na mababu, hashindwi na mapenzi, biashara wala kesi. Na hapa ndipo alipofanya kosa ambalo dalali wa kizungu asingelifanya. Kwetu mtu asiyejulikana kwake ni wapi haaminiki. Ukitaka kukopa hata debe la mahindi, lazima useme unaishi wapi, baada ya nini, karibu na nani. Kwa hiyo ili watu waamini, kaka akaandika njia ya kufika nyumbani kwa mama: njia ya kwenda Muze, kabla barabara haijaanza kushuka bondeni, ukishapita kanisa la kigango, nyumba ya tofali za kuchoma yenye mti wa mpera. Ile linki ya kumpatia kamisheni akaiweka chini ya maelezo hayo.

Watu walisoma mpaka kwenye mpera, wakaishia hapo. Kadi ya benki ya kununulia kitu ng'ambo nani alikuwa nayo? Walinakili maelezo, wakapanda basi.

Wa kwanza alikuwa mwanamke mmoja kutoka Mbeya aliyekimbiwa na mume. Nilikuwepo. Alipiga magoti uani na kusema, "Shikamoo bibi," huku akilia. Mama akaitika marahaba, akamwinua, akampa uji, akadhani ni mgonjwa aliyepotea njia. Yule mwanamke alipotaja ndumba, mama alishika kifua. Akamwambia kwa upole kwamba hapa hakuna mganga, yeye ni mwanamke wa jumuiya, ameolewa kanisani na atazikwa na kanisa. Mgeni akainamisha kichwa kwa heshima. Alikuwa amesikia kwamba waganga wakubwa huanza kwa kukataa.

Baadaye wakaja wengine, wa Tunduma, wa Mpanda, hata wa Zambia. Mama akawakataa wote, na kila alivyokataa ndivyo sifa ilivyozidi. Nilimfuata kaka kibandani, nikamwambia atoe ile picha. Akajitia hamnazo. Akasema duka la ng'ambo bado halijamlipa hata senti, avumiliwe kidogo, biashara yoyote huanza hivyo. Nilimwita mbwa mbele ya wateja wake, akaniomba nisiwafukuze.

Lazima nieleze jumuiya, kwa sababu mama alikuwa hana kingine duniani alichokitaka. Baba alikwishafariki, sisi tuko mjini. Kila wiki familia za pale jirani zilikusanyika kusali, leo kwa huyu, wiki ijayo kwa yule, zamu inazunguka mpaka inarudi. Zamu ya mama ilipokaribia alikuwa mtu mwingine. Alisiliba sakafu, akafagia mpaka njia ya watu wengine, akapika togwa. Baada ya sala watu walikunywa na kuimba, naye akakaa mlangoni akiwahesabu kwa macho, anatabasamu.

Zamu yake ikarukwa. Mwenyekiti wa jumuiya, mwanamke aliyesimamia ndoa yake, akasema walisahau. Safari iliyofuata hakusema wamesahau.

"Tumeona upumzike kidogo, mama. Una wageni wengi," alisema, na hakuvuka kizingiti.

Mama aliondoka pale akiwa amenyooka, akaingia jikoni, nikamsikia anapanga vikombe vilivyokuwa vimekwisha kupangwa.

Mwaka ule ulezi ulikubali vizuri. Kwetu mtu mwenye shamba la kumshinda hutengeneza pombe, akawaalika majirani, wanavuna pamoja asubuhi na kunywa mchana. Mama alitengeneza mitungi ya kutosha kijiji kizima. Nikaja kumsaidia. Jua likapanda, upepo wa baridi ukavuma kwenye masuke, hakuja mtu. Tuliwaona wakipita barabarani na visu vyao wakielekea shamba la mwingine. Mama akabeba kata ya pombe, akasimama kando ya barabara, akanywa mbele yao, kama mwenyeji anavyotakiwa kuonja kwanza ili mgeni ajue hakuna sumu. Akanywa yote. Akageuza kata chini kuwaonyesha. Wakamsalimu vizuri sana, wakapita.

Nilitamani kumwagia pombe ile vichwani mwao. Mpaka leo natamani.

Mchana huohuo likaja gari dogo la mizigo limejaa wageni, na kaka yangu amekaa mbele na dereva. Duka la ng'ambo halikuwa limemlipa, kwa hiyo alikuwa ametafuta njia nyingine: anawapokea watu stendi, anawatoza nauli mara mbili, anawaleta mwenyewe. Sasa alikuwa dalali kweli, na bidhaa yake ilikuwa imekaa kwenye kigoda na kata tupu mkononi.

Wakapiga magoti. Mama akawatazama, kisha akautazama ulezi uliokuwa unasubiri ndege. Sijawahi kuuona uso wake ukiwa vile, mkavu, hauna huruma na mtu.

"Mnataka dawa?" akauliza. "Dawa yenu iko shambani. Kateni masuke yote, msibakize."

Wakakata! Watu wa mjini na viatu vyao vya ngozi, mwanamume mmoja amevaa tai, wote kimya, wameinama, maana walidhani wakizungumza dawa itaharibika. Walivuna kwa kasi ambayo wanakijiji hawajapata kuvuna. Kisha mama akawapa pombe, wakaipokea kwa mikono miwili na kuinywa mpaka machicha. Nilicheka. Mama naye akacheka kidogo, na ilikuwa mara yangu ya mwisho kumsikia akicheka.

Hatukufikiri kuhusu barabara. Majirani walikuwa wakirudi kutoka kuvuna kule kwingine, na walichokiona ni watu wasiowajua, wameinama shambani kwa yule bibi, hawasemi, hawapumziki. Habari ilifika kigangoni kabla ya jua kuzama. Misukule! Amewaua huko kwao, amewaleta kulima. Kuanzia hapo watoto walikatazwa kupita njia yetu, na hakuna mtu aliyetaja tena habari ya zamu.

Nilimpiga kaka yangu kibandani kwake, mbele ya watu, kwa kiatu. Akaitoa ile picha akilia. Lakini wengine walikuwa wamekwisha kuichukua, na kwenye tovuti nyingine mama alikuwa anapeta ulezi kwa jina jingine, kwa niaba ya duka jingine. Hiyo kamisheni nani aliila sijui.

Mama aliishi muda mrefu baada ya hapo, jambo ambalo nalo lilihesabiwa kuwa ushahidi. Kila wiki siku ya jumuiya alifagia uani. Alipoanza kuugua akawa ananiuliza, "Leo ni kwa nani?" Nikamtajia nyumba. Akasema, "Basi bado nyumba mbili zamu itufikie," na nilimwacha aseme.

Alipokufa kanisa lilimzika, kama alivyosema siku ya kwanza. Jumuiya yote ilifika, hilo haliwezi kukwepwa, na waliimba vizuri. Hawakuingia ndani. Walikaa kwenye majani, na jua lilipokuwa kali kila familia ikatoa kidumu chake cha maji kutoka nyumbani kwao. Mwenyekiti alinipa pole, akanikumbatia, na kidumu chake kikanigonga mgongoni. Nilikuwa nimechota ndoo mbili na kupanga vikombe vyote vya mama juu ya meza. Jioni nikavirudisha kabatini, vikavu.

Watu walipokwisha kutawanyika na matanga kuanuliwa, akaja mwanamume mmoja kwa miguu, amejaa vumbi, na karatasi mkononi. Kaka alikuwa amekaa chini ya mpera. Alimwona, akafungua mdomo, nikamtazama, akaufunga.

"Namtafuta bibi," mgeni akasema.

Nikamwambia amezikwa. Akavua kofia, akasimama hajui aende wapi, na machozi yakamtoka kwa ajili ya mtu asiyemjua. Kisha akaomba maji.

Nikaingia ndani, nikachukua kikombe cha mama, nikampa. Akanywa yote bila kupumua, akaniomba nimwongeze.