Msusi Aliyeitwa Yai

Alizaliwa na midomo ya buluu. Wakunga walidhani ni baridi, lakini daktari akasema moyo una tundu na mshipa unaopeleka damu mapafuni ni mwembamba mno. Akapasuliwa kabla hajaanza shule. Akapona, au ndivyo nyumba nzima ilivyoelewa. Kwa kuwa mama yake hakumruhusu kuruka kamba wala kubeba ndoo, kaka zake walimbandika jina la Yai.

Yai alikua, akawa msusi. Alikuwa na mkono mwepesi na mdomo mwepesi zaidi, na saluni yake ndogo haikukosa wateja. Alipokuwa akimaliza shule, kliniki ya moyo ya watoto aliyokuwa akihudhuria ilimwambia ameshakuwa mtu mzima, ahamie ya wakubwa. Hakwenda. Haumwi, akapange foleni na wazee wenye mikongojo kutafuta nini?

Asubuhi moja alikuwa akimsuka mwalimu, jirani yake. Amemaliza upande mmoja wa kichwa, moyo ukaanza kwenda mbio. Haikuwa mara ya kwanza. Siku nyingine alikaa kitako, akanywa maji, ukatulia. Safari hii haukutulia. Kitana kikamponyoka.

"Shoga, mbona kimya?" mwalimu akauliza. Akageuka, akamkuta ameketi sakafuni, jasho linamtiririka.

Walichukua teksi. Kwenye mapokezi ya wagonjwa wa dharura, karani alimkazia macho mwalimu: nusu ya kichwa mistari, nusu nywele zimetimka.

"Mgonjwa ni wewe?"

"Mimi mteja tu! Mgonjwa huyu hapa, anaanguka!"

Yai akalazwa kitandani, akabandikwa nyaya. Daktari aliona kovu la zamani katikati ya kifua.

"Mara ya mwisho ulienda kliniki lini?"

"Nikiwa shule."

"Miaka yote hiyo, dada?"

Yai akafumba macho. Presha yake ilikuwa ikishuka. Daktari akamweleza kwamba atapewa dawa ya usingizi, kisha moyo utashtuliwa kwa umeme ili urudi kwenye mapigo yake ya kawaida.

"Nitaamka?"

"Utaamka."

Aliamka, akamkuta mama yake amesimama kando ya kitanda, kanga imemdondoka begani.

"Umeanza lini kusikia mapigo hayo?"

"Zamani kidogo."

"Na hukuniambia?"

"Ungenikataza kusuka, mama."

Mama akafikiri. "Ningekukataza, ndiyo."

Akaivuta kanga, akairudisha begani.

Vipimo vilionyesha kwamba vali moja, kilango cha moyoni kinachozuia damu isirudi nyuma, ilikuwa ikivujisha damu tangu upasuaji ule wa utotoni, taratibu, na upande wa kulia wa moyo umetanuka. Alihitaji vali mpya. Upasuaji wa kwanza hakuukumbuka. Huu aliungoja kwa miezi, akiwa na akili zake timamu, na aliogopa kuliko alivyomwonyesha mtu yeyote. Siku ya kwenda alimwomba mama amsindikize hadi mlangoni pa hospitali. Mama akapitiliza hadi ndani.

Vali ikawekwa. Yai anasuka, siku hizi akiwa ameketi kwenye stuli ndefu, na kliniki ya wakubwa haikosi, ingawa kwenye foleni wanamdhani amemleta babu yake. Tangu hapo amerudi dharura mara mbili, bila kungoja moyo utulie wenyewe. Mara moja alibadilishiwa dawa. Mara nyingine ilikuwa hofu tupu: nesi akampima, akamwambia mapigo ni mazuri, aende nyumbani. Alitoka taratibu, akampigia simu mama, aliyekuwa ameshashika njia, kumwambia asije.