Sauti Iliyokatwa Kabla ya "Lakini"

Wanafunzi wa chuo walimwita Mama Chembe, kwa kuwa miaka nenda miaka rudi alifundisha habari za chembe ndogo kuliko vumbi, zile zinazozaliwa pamoja kisha zikatenganishwa. Ukiipima moja huku, jibu lake hulingana na la pacha wake wa mbali kwa namna ambayo hata zingepanga mapema zisingeweza. Wataalamu wamegombania maana ya jambo hilo mpaka wakaota mvi. Yeye aliupenda ugomvi huo kama wengine wanavyopenda mpira.

Siku moja alikwenda kumjulia hali mama yake, akamkuta amevimba miguu, mkononi kavaa bangili ya shaba. Vidonge vya presha vilikuwa kabatini, havijaguswa.

"Hii ina pacha wake kwa shemeji yako," mama alimweleza. "Akimpaka pacha huyo dawa, mimi napona huku."

"Nani kakudanganya, mama?"

"Si wewe? Sauti anayotusikilizisha ni yako."

Alimkimbiza hospitali kwanza. Daktari aligomba, akabadilisha dawa, akasema wamewahi. Kutoka hapo Mama Chembe alishika njia moja kwa moja hadi kwa shemeji yake, mume wa mdogo wake.

Chumba kilinuka marashi ya bei chee na jasho. Makochi yalivikwa nailoni, wagonjwa wamenata juu yake. Bangili zilijaa sahani, zimeota kutu ya kijani, na spika ilikuwa ikisema kwa sauti yake, iliyorekodiwa alipozungumza hadharani: "Ukiigusa hii, ile ya mbali inajibu papo hapo, na hakuna ajuaye kwa nini." Ikakatika hapo, ikaanza upya. Alijiona kama mtu aliyekuta mswaki wake kinywani mwa mwingine.

"Karibu, shemeji. Tunakutangaza bure."

"Baada ya hapo nilisema 'lakini'. Iko wapi?"

"Watu hawaji hapa kusikiliza lakini." Shemeji akapunguza sauti. "Na si mmesema hamjui? Kama hamjui, utajuaje yangu ni uongo?"

Swali lilimchoma, maana nusu yake ilikuwa kweli. Akawageukia waliokaa.

"Ni kweli, hatujaelewana maana yake. Wengine wanasema kuna kitu kinachovuka umbali, wengine wanasema hakuna kinachovuka, ni sisi tunaoisoma dunia vibaya. Ila sote, hata wasioamkiana, tunakubaliana kwamba ukiwa upande mmoja unachokiona ni kama sarafu iliyorushwa. Huwezi kuamua itaangukaje. Njia hiyo haibebi hata salamu, sembuse uponyaji. Mama yangu ameacha vidonge kwa ajili ya uchafu huu."

Mzee mmoja alivua bangili yake, akainuka, akatoka. Mwanamke aliyekaa kando yake akasonya. "Wasomi na wivu wao." Waliobaki waliendelea kungoja zamu.

Alipotishiwa polisi, shemeji aliifuta sauti ile, kisha akaweka ya mtu mwingine. Mdogo mtu naye akakata mguu kwa dada yake. Mama alirudia vidonge, akivimeza huku ananung'unika.

Mama Chembe alialikwa tena kuzungumza hadharani. Alikwenda, maana kunyamaza kungemwachia shemeji uwanja, ila alizungumza kwa kinyaa, akimtazama kila aliyeinua simu kumrekodi kama mtu anavyomtazama mwizi wa nguo kambani.