Mzazi wa Kwenye Gari

Mimi ni mwenyekiti wa kina mama kanisani hapa Litein, na ujuaji wangu umeniponza. Wiki jana, bwana na bibi kutoka Nairobi waliomba kuegesha uwanjani kwetu gari lao la safari, lile lenye kitanda na jiko ndani. Nikaona visweta vidogo vimeanikwa dirishani. Nikamwona bibi akibembeleza kitu ndani ya shali.

"Kuna mzazi pale!" nikatangaza. Kwetu mama aliyetoka kujifungua haachwi peke yake. Saa tisa nikaongoza kina mama saba, na uji wa wimbi, chupa ya maziwa ya mursik na kofia niliyofuma mwenyewe.

Bibi alifungua mdomo aseme kitu. Sikumpa nafasi. Nikachukua shali, nikafumba macho, nikaomba mtoto akue, asome, awe daktari. Kisha, bila hata kumfunua, nikasema lile tunalowaambia baba wote: "Huyu amefanana na baba yake kabisa!"

"Asante, mama," akajibu bwana, akishika ndevu zake.

Shali ikabweka. Kikachomoza kichwa cha kijibwa chenye ndevu na, kusema ukweli, walifanana.