Taa Nyekundu ya Yaya Laurette

Kuku mia moja na hamsini walikuwa wanakulana wakiwa hai, nyuma ya nyumba yetu kule Lubunga.

Sitanii. Mmoja akitoka tone la damu, wenzake wote wanamrukia. Ukirudi unakuta manyoya na mifupa.

Kuku walikuwa wa dada yangu mkubwa, Yaya Laurette, aliyenilea. Alikuwa ametoka kumaliza dawa za kifua kikuu, na daktari aliniita pembeni.

"Nephtali, akikohoa damu, hata kidogo, umulete siku ile ile. Ukichelewa, atakufa."

Bon. Tonton Désiré, mfugaji wa njia ya Masako, akatupa ujanja wake.

"Mufunge madirisha ya banda na bâche, turubai zito, muweke taa nyekundu. Kuku hawataona damu. Batatulia."

Yaya akapaka ampoule ya taa vernis, ile rangi nyekundu ya kucha. Siku tatu tu, kimya. Kuku wanakula, wananenepa, hakuna anayemgusa mwenzake. Nilifurahi kama mtoto.

Ila Yaya akaanza kushinda mle ndani. Anachambua mahindi mle, anakula mle. Roho yangu ilikataa, nikajiambia ni woga wangu tu.

Kila jioni namfuata.

"Yaya, ulikohoa?"

"Kidogo."

"Lete kitambaa."

Nakigeuza chini ya taa, pande zote. Safi. Naenda kulala bila wasiwasi.

Mwezi mzima hivyo.

Siku moja tulipanda pirogue, mtumbwi wa kuvuka mto, kwenda sokoni. Jua kali. Yaya akakohoa, kitambaa kikamponyoka, kikaniangukia miguuni.

Kilikuwa kimelowa damu.

Taa iliyowadanganya kuku ilikuwa imenidanganya na mimi.

"Yaya, tangu lini?"

Aliangalia maji.

"Tangu wiki ya pili ya ile taa. Hospitali nimechoka nayo, Neph. Na weye ulikuwa unafurahi."

Alijua. Kila jioni alikuwa ananingojea mle ndani makusudi.

Sokoni hatukufika. Nilimbeba mgongoni mpaka hospitali. Daktari aliniuliza nilikuwa nakiangalia wapi kile kitambaa. Nilimjibu: chini ya taa nyekundu.

Tulimzika siku ya tisa.

Wewe unayemtunza mgonjwa, usimwangalie pale anapopataka yeye. Mutoe nje, kwenye jua, hata akikununia wiki nzima.

Mimi sikumtoa, sikutaka kumuudhi.