Mgongo wa Baba Mkwe

Tangu Atupakisye aolewe kijijini Kinyala ilipita miaka ishirini na sita, na hakuwahi kuuona uso wa baba mkwe wake hata siku moja. Msishangae. Kwa Wanyakyusa wa zamani mwanamke hakutani macho na baba wa mumewe, wala hatamki jina lake. Wakristo wengi walikuwa wamekwisha kuulegeza mwiko huo, lakini Mzee Ambindwile, pamoja na kubatizwa kwake, aliushika kwa mikono miwili. Akikaribia kona ya njia alikohoa mara mbili. Hapo Atupakisye alijitosa migombani na kuni zake kichwani, akageuka upande mpaka nyayo zipite. Atupakisye alimjua baba mkwe huyo kwa kikohozi tu.

Likiwapo neno kati yao, lilipitia kwa Jotham, mdogo wa mumewe. Hapo ndipo mambo yalipoharibikia.

Mume, Rubeni, alifariki mwaka themanini na saba kwa homa ya siku nne. Matanga hayajaanuliwa, Jotham akaja na ujumbe. "Baba anasema wewe ndiye uliyemmaliza mwanawe. Migomba ya kule mtoni uiache, urudi kwenu."

Mtu mwingine angekwenda kumwuliza mzee mwenyewe. Atupakisye angekwendaje? Alifunga virago akapanga chumba Tukuyu mjini, akachuma chai ya watu mpaka vidole vikawa vyeusi. Shamba la chai lilipopata wenyewe wapya, wakaja na karatasi ya kupunguza watu, na jina lake likawamo. Akaishia gengeni, anauza ndizi za kununua, yeye aliyekuwa na migomba yake. Kila mkungu aliopanga chini ulimkumbusha mzee yule, na alimchukia.

Mzee alipofariki, Aprili ya mwaka tisini na nane, Atupakisye alikwenda msibani ili watu wasiseme. Wanawake walilia mpaka sauti zikakauka. Yeye alikaa macho makavu, na moyoni akasema afadhali. Alijua ni dhambi, na hakutubu.

Mwezi Juni, Lusungu, mwalimu wa shule ya msingi, alimpitia gengeni. Lusungu alikuwa mmoja wa vijana waliohudhuria warsha ya video iliyofanyika Tukuyu mwezi Machi, wageni kutoka Dar es Salaam walipowafundisha kurekodi mila na historia za wazee wao. Sasa kazi zao zilikuwa zinazungushwa kata kwa kata.

"Mama, mzee wenu yumo," alisema. "Tulimrekodi kabla hajaugua. Jumamosi tunaonyesha Kinyala, njoo umwone."

Kumwona! Neno lile alitembea nalo siku tatu. Alitaka kuusoma mwenyewe uso wa mtu aliyemchukia kiasi kile, bila Jotham katikati.

Jumamosi alasiri ukumbi wa kanisa ulijaa. Madirisha yalizibwa kwa mablanketi, televisheni na deki ya video vikawekwa juu ya meza, jenereta ikiunguruma nje. Jotham alikaa mbele kabisa, na suti, kama mwenye sherehe. Atupakisye alichukua benchi la mwisho.

"Na wewe umekuja kumtazama baba mkwe?" jirani akamnong'oneza.

"Amekwisha kufa," alijibu.

Kanda ya kwanza ilikuwa ya mama wa Masukulu anayesuka mkeka. Kisha, kutoka kwenye televisheni, kikatoka kikohozi mara mbili.

Kabla hajajua anachofanya, Atupakisye alikuwa amejikunyata chini ya benchi. Watu wakaangua kicheko. Aliona haya mpaka masikio yakawaka, akajifunika kanga usoni, akabaki anasikiliza.

Kwenye kanda Lusungu aliuliza kuhusu mwiko, na mzee akajibu taratibu.

"Ni heshima, mwanangu. Mke wa Rubeni sijamwona, lakini ni mtoto wangu. Rubeni alipokufa nilimtuma Jotham amwambie migomba ya mtoni ni yake, asiondoke. Akaondoka. Nikatuma tena, Jotham akarudi, akasema hataki hata kunisikia." Akaendelea: "Pale konani ninakohoa mpaka leo. Huenda siku moja akawa amerudi."

Jotham aliinama akatazama viatu vyake.

Atupakisye akaivuta kanga, akainua macho. Aliona koti la kaki lililochakaa na kisogo chenye mvi. Mzee alikuwa amekaa juu ya kigoda, ameipa kamera mgongo, anaitazama migomba.

"Alikataa tusimpige picha ya uso," Lusungu alisema gizani. "Alisema mkwe wake huenda akaja kutazama na wenzake. Hakutaka akimbie."

Atupakisye akapita katikati ya mabenchi mpaka mbele, akapiga magoti karibu na televisheni.

"Tata," alisema. Neno hilo, baba kwa Kinyakyusa, ndilo la kwanza alilopata kumwambia baba mkwe wake.

Kanda haikumngoja. Koti la kaki likatoweka, wakaja wacheza ngoma wa Mpuguso. Ndipo Atupakisye akaulia msiba wa Aprili, mbele ya watu wote, na Lusungu akasahau kuzima deki.