Kifaransa alimwachia mkewe

Saa tisa alasiri ya Jumapili, katika ghorofa ya juu ya baa moja mjini Hastings, Uingereza, Desmond Pargeter anakaza mikanda ya kodiani mabegani. Ukumbi umejaa wazee wenzake.

"Des, leo utuonee huruma," anamtania mmoja wao. "Mke wangu kapaka wanja."

Anaanza kuimba. Ni nyimbo za zamani za mapenzi za Wafaransa, ila maneno ni ya Kiingereza. Kabla wimbo wa pili haujaisha, wanja wa yule mama umekwisha chirizika.

Desmond, mwenye umri wa miaka 74, ni fundi bomba mstaafu. Nyimbo hizo alizipata kwa mkewe, Solange, mzaliwa wa Lille, Ufaransa, aliyekuja Uingereza ujanani kufanya kazi katika duka la mikate. Jioni waliketi mezani jikoni, Solange akimfasiria mstari mmoja mmoja.

"Yeye alinipa maana, mimi nikatafuta vina," anasema.

Mara nyingi Solange alitaka kumfundisha lugha yenyewe. Desmond aliahirisha kila mara.

"Nilimwambia, ya nini nijifunze, na wewe upo?"

Kisha Solange akapata maradhi ya kusahau. Kiingereza, alichojifunza ukubwani, ndicho kilichotangulia kumtoka. Siku moja aliomba kitu jikoni kwa Kifaransa, akakiomba tena, na Desmond akabaki anafungua makabati asijue anatafuta nini. Mkewe akalia kwa hasira.

Sasa Solange anaishi katika nyumba ya kutunzia wazee. Majira ya kuchipua yaliyopita Desmond alikwenda na kodiani, akamwimbia wimbo wao wa kwanza, kwa Kiingereza kama siku zote. Solange alisikiliza kwa adabu, akapiga makofi, kisha akamnong'oneza kwa Kifaransa Blandine Ngassa, mhudumu kutoka Cameroon.

Desmond akamuuliza Blandine kasema nini.

"Anauliza kama huyu bwana mwenye kodiani ana mke."

"Mwambie anaye."

Solange alipoambiwa, akamtazama mgeni wake kwa upole na kusema neno jingine.

"Anasema, basi nenda nyumbani, mkeo anakusubiri."

Desmond anasema alikaa ndani ya gari nje ya nyumba ile mpaka akaweza kuendesha.

Tangu hapo, kila Jumatano Blandine akimaliza zamu humfundisha Kifaransa kwenye chumba cha chai. Si mwanafunzi mwepesi. "Unayatafuna maneno, Bwana Desmond," humwambia. "Yaachie yatoke."

Blandine alidhani mzee angependa kuanza na ule wimbo wao, na alikwisha mwandalia maneno yake. Desmond alikataa. Wimbo, alimwambia, utafuata baadaye, Mungu akipenda.

"Nimemwimbia maisha yangu yote," anasema. "Kwanza nataka niweze kumuuliza kama amelala vizuri, na akinijibu, nielewe."